Tamko Langu Mbele ya Phyllis

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Na wala si kwamba namchukia Phyllis. Hapana. Humchukii mtu kwa sababu tu aliishi Texas na anataja majimbo ya Marekani kama mimi ninavyotaja shangazi zangu. Lakini kwa nini mume wangu amtazame vile anapoyataja?

Mume wangu! Bado napenda kuliandika neno hili. Mume wangu, mume wangu, Gervas wangu. Juzi nilikunja taulo letu umbo la bata maji, kama tunavyowakunjia wageni wa fungate pale hotelini ninakotandika vitanda, nikaliweka kitandani. Alicheka mpaka akakaa chini. Akakataa kuoga, eti atalivunja shingo! Tangu harusi ya Agosti sijawahi kuamka na huzuni.

Ila Jumapili. Baada ya ibada sisi wa Kiswahili tuliokuja kutafuta kazi katika nchi hii ya Waarabu hubaki na kupanga viti duara, chai ya karak mkononi, tunajadili mahubiri ya yule mchungaji wa Kimarekani ambaye Phyllis hututumia video zake kwenye grupu. Uchaguzi wao unakaribia, kwa hiyo kila wiki kuna jambo. Leo ilikuwa sala katika shule za serikali. Nilikuwa na la kusema! Shuleni kwetu Singida tulisali kila asubuhi mstarini, Waislamu yao, Wakristo yetu, na hakuna aliyedhurika. Mtoto aachwe amwombe Mungu wake. Nikafungua mdomo — Phyllis kashaanza.

"Kule ni korti ndio iliingilia, unaona, Bro Gervas?"

Kwa nini Bro Gervas? Duara zima lilikuwepo! Protas alikuwepo, kakaa karibu naye zaidi!

Jumanne, 8 Oktoba

Wanafanya kazi kampuni moja, kule Freezone ya uwanja wa ndege. Phyllis ofisini, kwenye hesabu. Gervas ghalani, anaendesha foko ya kupandisha mizigo. Basi la wafanyakazi ni moja. Nimelijua hilo siku zote, ila zamani halikuwa na uzito.

Leo nimepika wali wa nazi. Kijiko cha kwanza tu: "Phyllis anasema kila jimbo sasa lina sheria yake ya kutoa mimba." Nami naamini kabisa uhai ni wa Mungu tangu tumboni. Nimeamini hivyo kabla sijajua Texas iko upande gani. Lakini hakuniuliza mimi. Alinieleza tu, kama anamsomea mtu taarifa ya habari.

Nikamwambia kula wali.

"Una nini, mke wangu?"

"Sina kitu."

Ukuta wetu ni ubao. Upande wa pili anakaa Angella, Mganda, mlinzi wa mall, na hakuna asilolisikia. Gervas alipotoka kwenda dukani, Angella akagonga ubao: "Nyabo! Huyo bwana wako kura yake anapigia wapi, Bukoba ama Texas?"

Nilicheka mpaka nikatokwa machozi. Halafu nikaendelea kutokwa machozi tu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Phyllis ametuma voisi ndefu. Mada ya Jumapili: mama kukaa nyumbani. Eti Marekani yamekuwa malumbano makubwa, wengine wanasema mke afanye kazi kama mume, na yule mchungaji anasema hapana, nyumba ni ya mama.

Hii ni yangu! Phyllis hana mume wala mtoto. Atasema nini kuhusu nyumba? Nimetazama video zote wakati wa mapumziko, nimejificha kwenye stoo ya mashuka. Supavaiza kanikuta nikinong'ona mbele ya rundo la foronya. Akadhani nasali. Kweli nilikuwa kama nasali.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimemshinda! Nimemshinda, nimemshinda!

Kwanza niseme jinsi tulivyo. Sisi tuna desturi ya tamko. Aliyeguswa na mada anasimama katikati ya duara, anatamka atakalofanya nyumbani kwake, wengine wananyoosha mikono na kumwombea. Si mchezo. Protas alitamka kuacha bia, na siku aliyoonekana na kopo alikalishwa kitako na wazee.

Phyllis akaongea vizuri kama kawaida, takwimu hizi, jimbo lile. Gervas anatikisa kichwa kukubali, anatikisa kichwa. Nikahisi moto kifuani. Nikasimama. Nilikuwa na gauni la kijani analolipenda. Nikasema mke ni moto wa jiko, ukitoka nyumba inapoa. Nikasema mimi Leah naitamkia nyumba yangu: niko tayari kuacha kazi ya kutandika vitanda vya wageni nikatandike cha mume wangu tu.

Halafu makofi! Mikono yote juu yangu. Gervas alifuta macho — mbele za watu! Mimi nilimliza, si mwingine. Phyllis akanikumbatia akasema, "Aki Leah, leo umetumaliza wote."

Tulirudi kwa metro tumeshikana vidole kwa siri kama watoto. Sijawahi kupendwa hivi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Gervas kaniuliza barua ya kuacha kazi nitaandika lini. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekuwa mjinga kiasi gani?

Viza yangu ni ya hoteli. Nikiacha kazi, viza khalas, imekwisha. Na mshahara wa Gervas haufiki kiwango cha kumdhamini mke. Kila mtu hapa analijua hilo! Mimi nalijua! Lakini nilipokuwa katikati ya duara, "nyumbani" ilikuwa chumba hiki chetu, na pazia letu, na taulo letu. Kumbe nyumbani ni Bukoba, kwa mama yake. Mimi kule, yeye hapa.

"Kwa muda tu," anasema. "Mpaka nipande cheo."

"Hilo la muda umelitoa wapi?"

Akakohoa. "Nilimwomba Phyllis ushauri. Kwenye basi."

Kwenye basi!

Nikamuuliza mbona Phyllis mwenyewe hakai nyumbani. Akajibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Hana mume. Amkalie nani?"

Nikataka kusema: atakukalia wewe! Nikaumeza ulimi. Maana alinitazama kwa imani kubwa, mume wangu huyu. Kwake mimi ni mwanamke aliyesimama mbele za Mungu. Nikimwambia nilisimama mbele ya Phyllis, ataniona nani?

Na ninaamini nilichosema, hilo ndilo baya. Mungu akitupa mtoto nitataka kumlea mwenyewe. Lakini yule mchungaji anazungumza na wanawake ambao waume zao wanarudi jioni. Mimi wangu angerudi kwa simu.

Angella kagonga ubao: "Banange! Umejifukuza mwenyewe, na makofi ukapigiwa!"

Ijumaa, 18 Oktoba

Sijaandika barua. Asubuhi Gervas alikuwa ananawa, simu yake ikalia meseji mezani. Phyllis. Kapata tiketi ya bei nzuri, ya kwenda tu, anauliza ashikilie nafasi? "Nawaombea sana, Bro." Labda kweli anatuombea. Hilo ndilo linalonitia wazimu, kwamba labda kweli.

Gervas akakaa, akamega chapati, akasema tumpigie mama tumpe habari njema. Akaweka spika.

"Mama, Leah anakuja kukaa na wewe."

"Mnakuja lini?"

"Yeye, mama. Mimi nabaki kazini."

Kuku wanasikika nyuma ya mama. "Mmegombana?"

"Hapana! Ni mafundisho. Huko Marekani wachungaji wanasema mke akae nyumbani..."

"Nyumbani kwa nani?" mama akauliza. "Mimi na baba yako, hata msimu wa kuvuna kahawa hatukulala mbalimbali. Hao wachungaji wenyewe, wake zao wako wapi?"

Gervas akaniangalia nimsaidie. Mimi, mwenye tamko!

"Leah mwanangu, upo?"

"Nipo, mama."

"Wewe unasemaje?"

Simu ikatetemeka kwenye meza: meseji nyingine ya Phyllis, tiketi inakaribia kuchukuliwa na mwingine. Gervas akanyoosha mkono kuijibu. Nikauweka wangu juu ya simu, nikainama, nikasema kwa sauti ya kumfikia Angella nyuma ya ubao:

"Mama, tunakuja kukutembelea. Wote wawili, na tunarudi wote wawili. Kabla mwezi huu haujaisha."

Gervas bado ana chapati mdomoni. Likizo yake ni ya mwakani.