R ya Baba

Gitothua, Ruiru
Jumatano

Mpendwa dada Warigia,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote hapo Mwihoko. Mafua ya Wanja yamepungua? Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia kompyuta. Utashangaa kupata barua na simu tunazo. Dada, kwa simu ningekata kabla sijasema, na mbele yako ndio ningeshindwa kabisa.

Unakumbuka ule mkebe wa biskuti wenye filamu za herufi alizochora Baba, alipokuwa kwa mchapishaji pale Eneo la Viwanda Thika. Siku hizo taa ilipitishwa kwenye filamu, herufi ikatokea kwenye karatasi ya picha, na ndivyo maandishi makubwa ya pakiti za unga yalivyotengenezwa. Kompyuta zilipokuja, mashine iliuzwa kama chuma chakavu, Baba akarudi nyumbani na mkebe wake. Niliwaahidi kuziingiza herufi hizo kwenye kompyuta ili mkono wake uandike tena. Kazi imeisha. Hata duka moja la mikate hapa Ruiru limezitumia kwenye kibao chake.

Jumapili nilimpelekea Mama karatasi yenye herufi zote. Alivaa miwani, akapita A, akapita K, alipofika R akaisogeza karatasi karibu na macho. Akapitisha kidole kwenye mguu wa herufi hiyo uliopinda mbele, akasema huyo ni Baba Warigia mwenyewe, hakuna mwingine wa kuchora mguu kama ule. Alilia, dada. Kisha akasema jiwe la kaburi lisiandikwe ovyo. Fundi mawe Kiilu achonge jina ZACHARIA kwa herufi za Baba, na R ionekane vizuri. Nasikia umeshampigia Kiilu, na Jumatatu anaanza.

Sasa nivumilie. Filamu zile zilikuwa zimegandana kwa unyevu. Njau wa studio ya picha alinionya niziloweke, nizitenganishe polepole. Mimi nikavuta. Haraka haraka haina baraka, umeniimbia hilo tangu utotoni. R ilichanika, hakikubaki hata kipande cha kufuatisha. Ile aliyoililia Mama ni yangu. Niliichora mwenyewe, nikawaambia zote zilipatikana nzima.

Uongo huo ni aibu, lakini kuna aibu inayoniuma zaidi. Mama alipokuwa akilia, nilifurahi. Baba hakuwahi kusifu mchoro wangu hata mmoja. Alikuwa akiutazama, halafu ananiuliza kama nimekula. Nikasimama pale nikimwonea marehemu wivu kwa sifa za kazi yangu. Nusura niseme ukweli, nao ningeusema ili nisifiwe. Mimi ni mtu wa aina gani?

Tafadhali mwambie Kiilu angoje. Jumamosi nitaenda Thika nimweleze Mama mwenyewe, usinitangulie. Akisema niifute, nitaifuta. Akinifukuza ni haki yake. Ila kabla hajanifukuza nitamwomba anichoree kwa kidole, pale mezani, mguu wa R ya Baba ulivyokuwa.

Naogopa atachora wangu.

Nibusie watoto, shemeji nampa mkono, na wewe uniombee.

Ndugu yako,
Kinyanjui