Siumwi, Dada Mwanahamisi

Gaithersburg, Maryland

Dada yangu Mwanahamisi,

Assalaam alaykum. Mguu wako umeacha kuvimba, au bado unasimama darasani kutwa nzima kama askari wa zamu? Shemeji Bakari kifua chake hakijambo? Na watoto? Mimi mwili wangu ni mzima, na neno hilo naomba ulishike, maana ndilo lililonikalisha niandike.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Simu yako hushikwa na kila mtoto wa nyumba hiyo. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya gari, nje ya kazini, nikashindwa kukujibu. Kwa hiyo nimempa barua hii mama mmoja tunayefanya naye kazi katika nyumba ya kulea wazee, anakuja Tanga kuwaona wazazi wake. Isome peke yako, mlango umefungwa.

Umeniuliza kama ni kweli nina virusi. Umesema mama kapata habari kwa Athumani na tangu hapo chakula hakimpiti. Sasa nisikilize.

Shangazi alipofanyiwa ule upasuaji wa tumbo alipoteza damu nyingi, akaongezewa. Mwanawe Athumani, unavyomjua, miaka yote hii yuko huku Annandale na kichwa bado kiko Tanga. Akaandika kwenye grupu la ukoo kwamba Jumamosi kila ndugu aje kumrudishia shangazi damu. Nesi alikwishamweleza kwamba huku ndugu hawadaiwi damu, ipo ya akiba na mgonjwa hupewa tu. Athumani hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Akaandika tena, safari hii kwa jina langu: "Omari ni group O, ndiye tenki letu, asikose." Unakumbuka mama alipotolewa uvimbe, mimi ndiye niliyetoa damu, wewe ukaninunulia soda mbili. Sifa hiyo imenifuata mpaka huku.

Hapa nyumbani naishi na Selestini, Mkongo wa Bukavu. Nyinyi huwa nawaambia ni mwenzangu wa kupanga. Nilipomwambia naenda kutoa damu, aliweka chini kisu cha vitunguu.

"Miye siende kule tena," akasema. "Zamani nilienda, wakaniuliza kama ninalalaka na banaume. Nikasema ndiyo. Wakanifungia mulango. Wewe unaenda kutafuta nini?"

Ndiyo, dada, umesoma sawa. Mimi na Selestini tunaishi kama wewe na shemeji Bakari, mwaka wa nne sasa. Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika sentensi hiyo. Naogopa hata sasa.

Nilimwambia Selestini mambo yamebadilika. Kwa miaka mingi wanaume kama sisi hawakuruhusiwa kabisa kutoa damu nchi hii, hata mtu awe na mwenzi mmoja wa maisha. Baadaye wakaambiwa watoe, ila wakae kwanza muda fulani bila kuguswa. Siku hizi swali hilo limeondolewa. Kila mtu, mume kwa mke, huulizwa yaleyale: una mwenzi mpya miezi mitatu hii? Unao zaidi ya mmoja? Na mengine ambayo siwezi kumwandikia dada yangu. Mimi ninaye mmoja, yuleyule. Nikajiona nimekwisha kupita.

Tulikwenda watu kumi na mmoja, Athumani mlangoni na orodha ya majina, anatia alama kama mwalimu wa zamu. Binti aliyenihoji alikuwa mpole. Nikayajibu maswali yote, moja baada ya jingine, mpaka akauliza kama natumia kidonge cha kujikinga na virusi vya ukimwi. Hilo sikulitegemea. Kidonge hicho daktari alinianzishia kabla sijakutana na Selestini, na sikukiacha, kwa sababu sisi tumekulia kwenye hofu na hofu haimtoki mtu kwa kuvuka bahari. Ningesema "hapana" yangekwisha. Nikamfikiria mgonjwa nisiyemjua, kalala kitandani, anatiwa damu yangu. Nikasema ndiyo.

Akanieleza kwamba kidonge hicho kinaweza kuvificha virusi hata kipimo kisivione, kwa hiyo mtu husubiri miezi mitatu tangu alipokimeza mara ya mwisho. Alinieleza vizuri, wala sina ugomvi naye. Akanipa karatasi yenye maelezo nikatoka. Binamu yetu mmoja, ambaye vimada wake wa mji wa Sterling tunawajua sote, alitoka kabla yangu na bandeji mkononi, anatabasamu. Humo ndani sijui alijibu nini.

Athumani akanidaka hapo kwenye meza ya juisi na biskuti.

"Bro, mbona fasta hivyo? Umeshadonate?"

"Wamenikataa."

"Wakukatae wewe, tenki? Acha jokes!" Akaninyang'anya karatasi huku anacheka.

Akasoma. Zile herufi za virusi kila mtu anazijua, hata asiyejua Kiingereza. Neno la kinga lililofuata hakulifikia, au alilifikia hakuliamini. Kicheko kikakatika. Akaikunja karatasi mara nne, akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Pole, bro," akasema. "Kwani tangu lini?"

Ningeweza kumwambia ni kinga tu, mimi ni mzima. Lakini angeuliza kinga ya nini, wakati huna mke wala mchumba? Na hapo ningejibu nini, mbele ya ndugu kumi? Nikaitia karatasi mfukoni, nikaenda kwenye gari. Mpaka leo sijui kama nilikosea au nilijiokoa.

Wiki mbili baadaye shangazi akatoka hospitali, tukaenda kumjulia hali. Pilau likapakuliwa kwenye sinia kama kawaida yetu, watu wakakaa. Nilikuwa nimeshanawa. Mke wa Athumani akaniletea changu pembeni, kwenye sahani ya karatasi, na kijiko cha plastiki. Shangazi, aliyenilea baba alipofariki, aliyekuwa akinilisha matonge kwa mkono wake, aliiona ile sahani. Akageuka akamuuliza Athumani habari za foleni ya barabarani. Nilikula, dada. Nilikula nikamaliza, nikashukuru, nikaendesha mpaka nyumbani nikilia kama mtoto.

Lakini lililonimaliza ni lile ulilonieleza la mama. Umesema kalia siku mbili, kisha akasema, "Hata akiwa nao ni mwanangu. Arudi nimuuguze mwenyewe." Nimerudia kusikiliza hapo mara nyingi sana.

Unamkumbuka mtoto wa fundi cherehani, yule waliyemfukuza mtaani kwa kukutwa na mwanamume mwenzake? Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema mtoto wa namna ile, heri mzazi amzike. Wewe ulikuwa jikoni, hukusikia. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikaa nikamsaidia kuchambua ule mchele mpaka ukaisha.

Basi sasa wewe unajua, na ni wewe peke yako. Ukinikasirikia nitaelewa, ila nijibu, hata kwa matusi.

Selestini anakusalimu, yupo jikoni, hajui kwamba nimemtaja. Nisalimie shemeji Bakari na watoto. Bibi mzaa mama mshikie mkono kwa niaba yangu. Mjomba Rajabu, fundi baiskeli, mwambie nguo alizoagiza zinakuja na barua hii.

Mama usimwambie niliyoandika. Nimelifikiria sana. Aendelee kuamini naumwa: mtoto mgonjwa humwombea dua, na mimi dua zake nazitaka. Akiuliza, mwambie dawa nameza kila siku, sijakosa hata siku moja, na nimenenepa. Akisema nirudi aniuguze, mwambie daktari hajaniruhusu kusafiri.

Mdogo wako akupendaye,
Omari