Mafuta Uliyompikia Baba

Dada yangu Speratha,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama hapo Ngara, wewe, shemeji na watoto. Mimi mwili mzima, ila moyo unanisuta, na leo nitasema.

Kazi yangu ya hapa maabara unaijua. Mgonjwa wa saratani ya tezi dume akipasuliwa, mimi napokea kipande cha mafuta yaliyoizunguka tezi, nakisaga, tunapima jeni zipi ndani yake zinafanya kazi kwa nguvu na zipi zimetulia. Kwa wenye saratani kali, mafuta hayo nayo huwa na mwenendo wake. Hilo tu ndilo tunalolijua.

Basi niliposikia baba ana ugonjwa huohuo, nikaandika barua ile: kwamba kilichomponza ni mafuta ya kupikia ya kambini, yale uliyobadilishana na wakimbizi wa Lukole kwa ndizi zako. Nilijua fika baba mdogo ataisoma kwa sauti uani baada ya misa, kama barua zangu zote. Nilitaka watu wasikie.

Mkuu wangu wa maabara, mama mkavu wa maneno, aliniuliza, "Umepima mafuta ya baba yako?" Nikasema hapana. "Sasa umejuaje?" Hata yeye hajui kama mafuta ndiyo yanaichochea saratani, au saratani ndiyo inayoyavuruga mafuta.

Dada, ulikuwa wivu. Kila barua aliyoiandikisha baba ilikuwa Speratha, Speratha. "Speratha amenipikia, tazama picha nilivyonawiri." Koti nililomtumia hakulitaja hata mara moja. Niliitazama picha ile, mashavu yamejaa, nikaumia kwamba amenenepa bila mimi.

Sasa baba mdogo ananiandikia kwamba tangu siku ile hukanyagi jikoni kwa baba, unaogopa utamuua. Na baba hali chakula, maana hajazoea sahani ya peke yake. Daktari naye hampasui mpaka apate nguvu.

Rudi umpikie, dada. Ndizi na maharage, tia na mafuta kidogo, ule naye sahani moja. Barua hii nayo isomwe uani, mbele ya walewale, na baba mdogo asiliruke neno wivu.

Nisalimie shangazi wa Nyakahura, na mama mkwe wako aliyenifunga shuka la kuniaga siku niliyoondoka.

Wivu haujaniisha. Siku utakayoipata barua hii utakula na baba, na mimi nitakuwa naandika namba kwenye kichupa chenye mafuta ya baba wa mtu mwingine.

Mdogo wako aliyekukosea,
Leonidas