Chuma Juu ya Kifuniko

Kwenu Baba na Mama,

Shikamoo Baba. Shikamoo na wewe Mama, maana najua karatasi hii iko mikononi mwako. Miaka yote ya cheche za kuchomelea imefanya macho ya Baba yasipatane tena na mwandiko mdogo, na barua za nyumbani kwetu zote hupitia mdomoni mwako kwanza. Natumai mgongo wako umetulia na kikohozi cha mdogo wangu kimekwisha. Mimi mwili ni mzima. Chumba nacho kizima, hata bati limeacha kuvuja upande wa kitanda changu. Moyo ndio mbovu.

Barua hii ni ya Baba. Mama, msomee kama ilivyo. Nakujua, ukikuta neno kali huwa unalimeza na kuweka lako la upole. Safari hii tafadhali usimeze.

Baba, nina hasira na wewe.

Nimeandika maneno hayo mara tatu. Mara ya kwanza niliyaandika kwa ile lugha ya darasani, kwa sababu kwa lugha ile mtu anaweza kumkasirikia mzazi wake bila kuanza na shikamoo. Yalitoka yamenyooka, hayana kosa hata moja, na yalifanana na barua ya kuomba kazi. Nikaichana. Kwenye simu ndiyo kabisa, sauti yangu hukauka ukishasema tu halo. Basi nakasirika kwa lugha uliyonigombezea tangu nikiwa natambaa.

Mama, hujui kilichotokea Jumamosi aliyokuja Baba huku. Mdogo wangu ameniambia kwamba Baba alirudi akasema amenikuta nimekonda kidogo lakini nasoma kwa bidii, halafu akaomba maji ya kuoga. Ni kweli nimekonda. Mengine ngoja niyaseme mwenyewe.

Hapa tuko sita wa darasa moja, tumepanga vyumba vitatu kwenye korido moja nyuma ya chuo. Muhula wa kwanza kila mtu alijitegemea. Tulikunywa chai kavu asubuhi, mchana tukazunguka karakana tukijifanya tumeshiba, na jioni tukanunua chapati moja ambayo inaisha kabla hujaimaliza njaa. Yule tunayemwita Mrefu alianguka kwenye somo la umeme. Mwalimu akadhani amepigwa na shoti, akakimbilia swichi kuu. Mrefu akiwa chini akasema si umeme, Mwalimu, ni tumbo. Darasa zima lilicheka. Mimi nilirudi chumbani nikaazima sufuria kwa mama mwenye nyumba.

Sikumtangazia mtu, mnanijua. Nilipika tu, harufu ikapita koridoni, wakaja mmoja mmoja kama paka. Tangu siku hiyo utaratibu ni huu: kila mtu huleta alichonacho, huyu kikombe cha mchele, huyu maharage, huyu vitunguu viwili na mafuta ya kupimiwa. Mimi napika. Wao wanachota maji na kuosha vyombo. Nyanya tunazifuata sokoni saa ambayo wauzaji wanafunga, zile zilizolainika ambazo hakuna anayezitaka. Zikikaangwa na kitunguu mpaka zitoe mafuta, nani atajua zilikuwa zimelala? Mkate uliokauka nauchovya kwenye yai moja lililokorogwa na maji kidogo na chumvi, nauweka kwenye karai. Yai moja linalisha watu watatu. Kabichi nalikata jembamba kama nyuzi, moto mkali, dakika tano, lisipoteze mlio wake mdomoni. Ukoko wa wali hatutupi, unagombewa, mpaka tumeuwekea zamu.

Kazi kubwa ni maharage, maana yanakula mafuta ya taa, na sisi mafuta hatuna. Kwa hiyo yanalala kwenye maji usiku kucha. Alfajiri nayachemsha kwa muda wa mtu kuoga na kuvaa. Nazima jiko. Sufuria naifunika, juu ya kifuniko naweka chuma kizito ili mvuke usipate pa kutokea, nafunga vyote kwa sweta na blanketi kuukuu, naingiza kwenye boksi, nakwenda darasani. Tukirudi mchana yameiva yenyewe, laini, bado ya moto. Yakitoka ndipo naweka chumvi, si kabla. Wenzangu waliona ni uchawi. Ndiyo maana wakanipa jina la Kifuniko; kwa ile sufuria, na kwa mdomo wangu ambao nao haufunguki. Ni jina nililolipenda. Ni mara ya kwanza watu wengi kuniita kitu kwa furaha.

Sasa Jumamosi ile. Ulikuja bila taarifa, Baba, umebeba begani rafu ya vitabu uliyonichomelea mwenyewe. Uliikuta korido yote ina njaa. Mimi nimejifunga taulo kiunoni, nimeshika upawa, wenzangu watano wamesimama na sahani. Niliposikia hodi nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma. Nilifurahi. Nilitaka kukupakulia wa kwanza.

Hukuitikia shikamoo yangu. Uliuliza kama wasichana wamekwisha chuoni. Ukasema ulileta fundi umeme, unakuta yaya. Ukawageukia wenzangu ukawauliza huyu wanamlipa mshahara au wamemwoa. Mmoja akacheka kwa woga, ukamwambia acheke vizuri, maana hata wewe ungekuwa mgeni pale ungecheka. Mrefu, Mungu ambariki, alikusogezea kiti, akasema Mzee karibu, mwanao ametuokoa, onja kwanza. Ulimtazama kama aliyekutukana.

Halafu ukakiona kifuniko. Nilikuwa nimekiweka mezani na chuma chake juu. Ulikishika kile chuma. Ukakigeuza, ukapitisha kidole gumba kwenye ule mshono wa mpini, taratibu, kama unavyokagua kazi kabla ya kumpa mteja. Mpaka hapo ulikuwa unafoka kama baba wa watu wote. Baada ya hapo uso ulibadilika. Ulikirusha dirishani, tukakisikia kikiangukia mtaroni, kisha ukaipiga sufuria teke.

Maharage ya watu sita yakawa sakafuni.

Ukaniamuru, mbele yao, niache upuuzi wa mekoni kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nifunge begi nirudi nyumbani nikashike mashine ya kuchomelea, kwa sababu hutamsomesha mwanaume anayekaanga vitunguu. Nami nilijibu ndiyo, Baba. Maneno mawili. Ukaegemeza rafu ukutani ukaondoka.

Unajua kilichofuata? Hukukaa kuona. Mrefu alipiga magoti, akayachota yale maharage kwa kijiko, yale ya juu ambayo hayakugusa sakafu na yale yaliyogusa, akayaosha kwenye beseni, akayala. Nilimtazama mtu mzima, kijana anayenizidi urefu kwa kichwa kizima, akila maharage yaliyooshwa, nikakuchukia, Baba. Naandika hivyo nikiwa nimetulia. Nilikuchukia mpaka masikio yakavuma.

Sasa vyumba vya jirani wananiita Bi Kifuniko. Wakinikuta bombani wananiuliza mume hajambo. Wiki nzima sikupika. Wenzangu hawakunilaumu, wakarudi kwenye chai kavu kimyakimya, na Mrefu ameanza kusema huenda akaacha chuo akatafute kibarua. Mitihani ni baada ya wiki tatu. Ndiyo hali ilivyo.

Lakini kufokewa si jambo geni kwangu, na sijawahi kuandika kurasa nne kwa sababu ya kufokewa. Kuna kingine, na hapa Mama nakuomba usome polepole.

Mama, kile kizuizi cha mlango ulichokitafuta nilipokuja chuoni, bamba la duara lenye mpini wa nondo, ukasema labda kimeuzwa kwa wanunua vyuma chakavu, nilikichukua mimi. Nilikifunga ndani ya soksi nikakitia chini ya begi. Unisamehe. Ila hakikuwa kizuizi cha mlango. Hakikutengenezwa kwa ajili ya mlango.

Ulipolazwa ile miezi minne, mimi nikiwa na miaka kumi na moja na mdogo wangu hajaanza shule, uliambiwa Shangazi alikuwa akileta chakula. Shangazi alikuja mara mbili. Mara zote mbili alikula akaondoka.

Aliyepika ni Baba.

Alikuwa anaamka kabla ya adhana na kabla ya jogoo, anafunga dirisha la jikoni, anatundika shuka ili mwanga usionekane. Kwa kuwa hakutaka jirani aone moshi mchana, na hakuwepo nyumbani kukaa na moto, aligundua njia ya kuchemsha alfajiri, kufunga sufuria kwa ovaroli zake za kazi, na kuisukuma chini ya kitanda. Mvuke ulipokuwa unatoroka alikwenda kazini akakata bamba, akalichomelea mpini, akarudi nalo ndani ya gazeti. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kukohoa mtu akija. Nilikohoa mpaka mwalimu akaniandikia barua ya kwenda kupimwa kifua.

Mama, lile kovu la kiganja chake. Sivyo alivyokwambia. Mama wa nyumba ya pili alibisha hodi, mimi nikachelewa kukohoa, naye Baba akaikwapua sufuria ya moto kwa mikono mitupu akaificha. Kazini aliwaambia ameshika chuma kilichotoka kuchomelewa. Fundi wa miaka ishirini, kuungua kama mwanagenzi! Walimcheka mwezi mzima, na akakubali kuchekwa. Alikubali aitwe fundi mbovu kuliko kuitwa mpishi mzuri.

Na yale maharage yaliyokuja hospitalini kwenye kopo la bluu, ambayo ulisema ndiyo yaliyokurudisha duniani, ukamnunulia Shangazi kitambaa cha gauni kumshukuru? Shangazi alikipokea, akashangaa, akanyamaza, akashona. Kila mwaka unamshukuru kwa sufuria ambazo hakuziinjika, na kila mwaka Baba anatazama sahani yake. Uliponiuliza mimi kama kweli ni Shangazi, nilikutazama machoni nikasema ndiyo. Huo ndio uongo wangu wa kwanza mkubwa, na nilifundishwa.

Na sijaacha. Wenzangu waliponiuliza nani kanifundisha kupika, nilisema Mama. Nilikuficha, Baba, kama ulivyojificha mwenyewe. Kila ninachokijua, chumvi mwishoni, kabichi nyuzinyuzi, yai la kulisha watatu, nilikiona kwenye mikono yako, nyuma ya shuka, nikiwa nimelipa dirisha kisogo. Ulipogusa mshono wa kile chuma ulijua mara moja. Hukunipiga teke mimi wala maharage. Ulikuwa unamfukuza yule baba mwingine asionekane mbele ya vijana. Mimi yule ndiye ninayemtaka. Yule alinilisha miezi minne. Huyu aliyekuja na rafu simjui.

Nilitaka kuandika juu ya bahasha kwamba ni ya Baba peke yake, aisome kwa shida zake mwenyewe na lenzi ya karakana. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Sikuandika. Mama amekuwa akimshukuru mtu asiyehusika kwa miaka saba, na mimi nimechoka kukohoa mlangoni.

Amri yako nimeisikia. Jibu langu la ndiyo nalirudisha. Jana niliingia mtaroni kwa mikono, mchana kweupe, hao wa bombani wakipiga vigelegele, nikakitoa kile chuma. Leo alfajiri kimerudi juu ya kifuniko, na tumekula watu sita. Mrefu amesema atafanya mtihani. Nao wenzangu nimeshawaambia ni nani aliyenifundisha. Hakuna aliyecheka, ila Mrefu aliuliza kwa nini basi ulimwaga. Nikasema sijui, nitamwandikia nimuulize. Ukitaka nirudi nyumbani nishike mashine, nitarudi, wewe ndiye baba. Lakini nitapika na huko, na dirisha sitafunga.

Rafu ni nzuri. Haiyumbi. Nimeweka vitabu juu, na chini nimeweka mchele.

Nisalimieni mdogo wangu, mwambieni nimemwekea daftari jipya. Nisalimieni jirani wa nyumba ya pili. Shangazi naye mpeni salamu zangu, na kitambaa abaki nacho, kimeshakuwa gauni.

Mama, ukimaliza kusoma, usimcheke na usimwulize kitu. Mpe sufuria tu, halafu ufungue dirisha la jikoni.

Ni mimi mwanenu,
ambaye huku wanamwita Kifuniko