Mzee Ahmadi Nakuwela, Aliyevuka Mto Kwenda Kuuliza

Mwaka umetimia, Baba Selemani, tangu ulipofariki ng'ambo ya Ruvuma, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani wa mwaka 1955. Mimi mkeo Somoe ndiye ninayesema haya kwa niaba ya nyumba yote, na binti yako Mwanaisha ndiye anayeandika. Amenionya nisitoe maneno makali. Nimemwambia aandike tu.

Watu wa Mtwara na Mikindani walikujua kwa chumba cha kusomea. Ulipoacha ualimu ulikabidhiwa ufunguo wake, na kazi uliyopewa ilikuwa kulinda vitabu visiibwe. Wewe ukakigeuza darasa. Makarani, makuli wa bandarini, vijana wa madukani, kila aliyeingia ulimfundisha kutafuta: jina la mwandishi liko wapi, mwaka uko wapi, ile orodha ya mambo mwishoni mwa kitabu inasomwaje. Bwana Fazal, mwenye duka Mikindani, alikuletea magazeti yake akishayasoma, nawe ukayapanga kwa tarehe, na ole wake aliyeyachanganya.

Halafu ilikuwapo mitihani yako, ambayo wengi waliichukia. Kila Jumamosi ulimpa mtu swali, akatafute jibu humo humo chumbani. Jibu peke yake hukulitaka. Ulitaka na kitabu, na ukurasa, na mwaka, na aseme kwa nini amemwamini huyo aliyeandika. Abdallah, kijana wa sekondari, ulimuuliza meli kubwa hutia nanga wapi katika wilaya yetu. Akajibu Mikindani, na ukurasa akakuonyesha. Ukamnyima alama zote, maana gati la Mtwara lilionekana dirishani.

"Kitabu hakikukudanganya," ulimwambia. "Kimeandikwa kabla ya gati. Wewe ndiye hukutazama mwaka."

Leo Abdallah yuko chuo cha Makerere. Alipokuja likizo alituambia kwamba huko nako wanafunzi wapya hufundishwa kutumia maktaba na kutahiniwa, na yeye hakuona jambo geni.

Nyumbani nako hatukupumua. Siku moja niliporudi kutoka kwa ndugu zako nilikwambia mvua imenyesha Mpapura. Ukaniuliza, "Umeiona au umeisikia?" Nikakukamulia kanga yangu miguuni. Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika, maana kifua chako kilikuwa kibovu tangu zamani. Hukupata kunipandishia sauti hata mara moja. Nilipougua ulikuna nazi mwenyewe, ukapika, ukanilisha, tena mbele ya wageni, na hukuona haya.

Masika ile Selemani wetu alikuwa kwa Wareno, ng'ambo ya mto, kwenye shamba la minazi. Akaja mtu kutoka Kilambo, kwenye kivuko, ameshika koti. Nililijua. Kifungo chake kimoja nilikishona mimi mwenyewe kwa uzi mweupe. Yule mtu akasema kiboko amepindua mtumbwi, waliokuwamo wamezama, na koti limekutwa kwenye matete. Nikaanguka chini. Wanawake wakaja na majamvi, na Rehema, mke wa Selemani, wakaanza kumvua hereni.

Wewe ulimkalisha yule mtu kitini, ukampa maji.

"Umemwona mwanangu akizama?"

"Hapana, mzee. Kaniambia mvushaji."

"Mvushaji kamwona?"

"Yeye kalikuta koti tu."

"Na maiti?"

"Mto umejaa, mzee wangu. Maiti itoke wapi?"

Ukalikunja lile koti, ukalipakata. "Hili koti nimeliona," ukasema. "Mwanangu simwoni." Ukaamuru majamvi yakunjwe.

Hapo ndipo waliposema vitabu vimekula moyo wako. Mzee Likwata, mjomba wake Rehema, alikusimamia mlangoni: "Bwana Nakuwela, huu msiba, si mtihani wako wa Jumamosi." Akaapa kwamba Ijumaa ya wiki ya pili yake mtoto wao ataingia eda, na sote tulijua yuko mtu anayengoja eda iishe apeleke posa. Ukamjibu taratibu, "Akikaa eda ya mtu aliye hai, kisha akaolewa, dhambi hiyo ataibeba nani?"

Nilikwambia ungoje maji yapungue, kifua chako hakitaki mvua. Ukasema Ijumaa haingoji maji. Nilikwambia na mengine, mabaya. Ukalichukua koti ukatoka.

Mjini wapo wanaosema mamba alikuchukua. Hawakuwapo. Haya yanayofuata ametusimulia Selemani, naye aliyaona au aliambiwa na mwanamke aliyekuuguza.

Ulivuka kwa shida, ukalowa chapachapa. Ng'ambo ulikwenda kijiji hadi kijiji katika mvua, unalionyesha lile koti: nani anamjua mwenye hili? Wengi walitikisa kichwa. Kisha mwanamke mmoja akatoka jikoni mwake, akalipokea kwa furaha, akakuuliza mumewe yuko nyuma yako? Mumewe alilipata kwa Selemani huko shambani, akalivaa siku aliyosafiri kuja Kilambo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Kwa hiyo ni wewe, mume wangu, uliyemwambia. Ulikuwa umepata jibu ulilolitaka, na jibu lenyewe lilikuwa mjane wa watu amekaa chini kwenye tope.

Selemani anaamini hilo lilikuvunja kabla ya homa. Mwanamke yule alikulaza ndani kwake, akatuma mtu shambani. Selemani alipofika kifua kilikuwa kimeshakubana, lakini ulimjua. Ulimshika uso kwa mikono miwili. "Nenda kwa mkeo," ukamwambia, "kabla ya Ijumaa." Hakwenda. Angekuachaje? Ulikata roho Alhamisi adhuhuri. Mwanao alikuosha kwa mikono yake, akakuzika huko huko.

Huku kwetu Ijumaa ilipita. Mzee Likwata alitimiza kiapo chake, na Rehema akavishwa nguo za eda. Jumamosi nilikuwa uani nachambua mchele. Nikaona watu njiani wanampisha mtu, wanarudi nyuma kama wanaoogopa. Selemani akaingia. Nilipiga kigelegele, Mungu anisamehe, nilipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka, na Rehema alikuwa amemng'ang'ania shingoni analia. Nikakutazamia nyuma yake. Nikafikiri umekawia kwa ubishi wako, umesimama njiani unamuuliza mtu maswali.

Selemani hakucheka. Alimtoa mkewe mikono taratibu, akamtazama alivyovaa, kisha akanigeukia mimi.

"Zivue, Rehema," alisema. "Eda ni ya mama."

Nguo zile zile nilizivaa mimi, zikiwa bado na joto la mwili wake.

Siku hizi wanakusifu. Hata mzee Likwata husema barazani kwamba Nakuwela alikuwa na haki. Ndiyo, ulikuwa na haki, Baba Selemani. Mimi ningependa uwe umekosea, uko hai, tunagombana.

Khitma yako itasomwa nyumbani Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na milango iko wazi kwa kila aliyesoma kwako, aliyefaulu na aliyeanguka. Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Somoe. Watoto wako Selemani na Mwanaisha. Mkweo Rehema, aliyerudi kwa mumewe. Nduguyo Issa na wote wa Mpapura. Pamoja na yule mama wa ng'ambo, anayelifagia kaburi lako kwa kuwa la mumewe hana.

Mwenyezi Mungu akulaze pema. Hatutakusahau maisha yetu yote.