Maji Yaliyomlowesha Bibi

Jumapili. Mawingu yamejaa juu ya Bariadi tangu asubuhi, joto limekaba, na mvua hainyeshi.

Sijawahi kumwambia mtu kwamba napenda sana kuitwa injinia. Napenda kiasi kwamba jana nilimwacha bibi yangu aaibike mbele za watu ili jina hilo lisinitoke.

Baba alikuwa karani wa ushirika. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia akawa wakala wao, na mwaka jana akanunua gari lililotumika Japani, lenye kiyoyozi. Wiki iliyopita kiyoyozi kikaanza kupuliza upepo wa uvuguvugu. Fundi anayevijua vitu hivyo yuko Mwanza. Nikamwomba baba aniache nijaribu mwenyewe hapa nyumbani.

Nilifungua boneti nikiwa na kitabu changu cha fizikia. Mkanda ulizunguka, feni ilizunguka. Kisha nikaona ile rejeta ndogo iliyo mbele ya rejeta kubwa imezibwa na nyuzi za pamba na vumbi, kwa sababu baba hulipeleka gari hadi kwenye maghala ya vijijini. Nikaisafisha taratibu kwa maji na mswaki wa zamani. Ubaridi ukarudi. Baba akawaita majirani waje waingize mikono ndani wasikie. "Huyu ndiye injinia wetu," alisema. Mimi huwa siongei mbele za watu, lakini siku hiyo niliongea mpaka nikajishangaa.

Laiti ningeishia hapo.

Jioni yake nikaona maji yanadondoka chini ya gari kutoka kwenye bomba dogo la mpira. Nikaamua kwamba huo ndio ubaridi unaotoroka. Sikumuuliza mtu, maana injinia haulizi. Nikachonga kipande cha gunzi, nikaliziba lile bomba.

Jana baba alikwenda Sapiwi kumchukua bibi. Watu wa mchumba wa dada yangu walikuwa wanaleta posa, na bibi, mkubwa wetu, ndiye wa kuwapokea. Alikaa kiti cha mbele, kiyoyozi kikiwa kimewashwa njia nzima. Maji yalipokosa pa kutokea yakamwagika ndani, chini ya dashibodi, kwenye miguu yake. Miguu ya bibi ina ganzi siku hizi, na alikuwa amesinzia.

Gari liliposimama uani, wageni walikuwa wamekwisha kuketi. Bibi akashuka kitenge kimeloa kuanzia magotini hadi chini. Shangazi, dada yake baba, akamfunga khanga yake juu na kumwingiza ndani haraka. Mama wa mchumba aligeuza uso akatazama kuku. Hapo nikajua wote wamefikiri jambo moja.

Bibi hakutoka tena. Posa aliipokea shangazi.

Wageni walipoondoka nilikwenda kufuta gari. Maji ya pale chini yalikuwa baridi, hayana harufu yoyote, na yalikuwa bado yanadondoka. Nikaelewa. Ningeweza kwenda ndani wakati ule ule. Badala yake nikatambaa chini ya gari, nikalichomoa lile gunzi, nikalitia motoni jikoni.

Ugali wa jana uliivia kwenye moto huo.

Leo asubuhi bibi alikataa chai. Alikataa hata maji ya kumezea dawa. Nilimsikia akimwambia shangazi kwa Kisukuma kwamba safari ya kurudi ni ndefu, na mwili wake haumtii tena. "Yametoka bila hata kuniaga," alisema. Alijaribu kucheka.

Mchana shangazi akatandika mfuko wa mbolea kwenye kiti cha mbele. Bibi alisimama kando, akiutazama unavyotandikwa.

"Shangazi, utoe," nilisema. "Bibi hakujikojolea. Yale ni maji ya kiyoyozi. Mimi niliziba bomba lake."

"Unamtetea bibi yako, vizuri," shangazi alijibu. "Sasa sogea."

Bibi hasikii vizuri, akauliza nimesema nini. Ikabidi nirudie kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, mpaka majirani wakasimama kusikiliza. Nikasema na habari ya gunzi, na ya moto.

Baba alizima injini. Akaja upande ule, akagusa zulia, akanusa vidole vyake. Akamwambia shangazi autoe mfuko.

Bibi alinigeukia. Nilitamani anichape.

"Ng'wana wane," alisema, yaani mwanangu, "na wale wageni nani atawaambia?"

Kisha akapanda gari, wakaondoka.

Nilinawa uso, nikavaa sare ya shule kwa kuwa ndiyo nguo yangu ya heshima, nikatembea peke yangu hadi nyumbani kwa mchumba wa dada, ng'ambo ya soko. Mama yake alikuwa barazani akichambua mchele. Nikapiga magoti, nikamwamkia. Akaniambia nivute kigoda. Sikukivuta. Nilimweleza yote nikiwa pale pale chini, kuanzia bomba hadi moto, na sikunyanyuka mpaka aliposema kwamba atamwambia mumewe na wale wote aliokuja nao jana.