Gari Lako na Jiwe la Kibugu

Nyaga ndugu yangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, niapie kwamba haya yatabaki kwako. Yote, hata yale madogo. Mama yako anasema huwa unamjia ndotoni, unaketi kando ya kitanda mnazungumza kama zamani. Sasa ukimwendea wiki hii, zungumzeni juu ya ng'ombe, juu ya majani chai, juu ya mvua. Gari usilitaje. Akikuuliza, jifanye hukusikia. Na kama huko uliko kuna watu wa Kibugu, hasa wa kanisa lenu, ikunje barua hii uitie mfukoni. Habari za kwenu husafiri hata bila miguu.

Naandika ofisini, saa ya chakula. Wenzangu wametoka. Nimejifungia chumba cha mafaili na kuweka faili wazi mbele yangu, ili mtu akiingia aone nafanya kazi. Unanijua. Ulisema mimi hata chai naimimina kama mtu anayeogopa kukemewa.

Ploti yetu ya kupanga ya Kinoru ingali ile ile. Chumba chako amepanga msusi, na wateja wake hukaa kwenye viti vya plastiki pale pale ulipokuwa ukianika vipuri vyako juu ya gazeti. Bomba linatoa maji siku linayopenda. Mimi nimethibitishwa kazini. Ulisema siku hiyo tutakula nyama mpaka tushindwe kusimama. Barua ilipotoka nilipitia buchani, na nilipofika kwangu na kufungua mfuko nikaona nimenunua ya watu wawili. Nusu nilimpa msusi.

Nazunguka. Nizungumze juu ya gari.

Sijui kama uliyasikia ya siku ya mazishi yako. Baba mdogo wako Ireri alipopewa nafasi ya kusema kwa niaba ya ukoo, alikusifu vizuri, kwamba ulikuwa na heshima, kwamba hukunywa. Halafu akasema, "Ila kijana wetu alipoteza muda mwingi na vitu vya watoto. Mtu mzima na gari la rimoti! Mungu amsamehe." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha matanga. Mama yako hakucheka. Aliinuka mbele ya kaburi lililokuwa bado wazi, akasema, "Hiyo gari ilipanda lile jiwe lote. Mimi niliona."

Ireri akamjibu kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. "Mama Nyaga, macho ya mama huona yanachotaka."

Unalijua jiwe linalosemwa. Liko upande wa chini wa jiko, majani chai yanapoanzia, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Krismasi ile ulipolipanda, nilikuwa kwetu Githongo tukimalizia kuchuma kahawa, ukanipigia simu ukipiga kelele mpaka dada zangu wakadhani umeshinda bahati nasibu. "Limepanda! Kirimi, limefika juu!" Nikakuuliza nani ameona. Ukasema, "Mathe tu. Wengine wamelala, wameshiba mukimo." Hukupiga hata picha. Ulisema tutarudi wote wawili tupige picha. Kisha ikaja ile homa ya mapafu, na kabla wiki haijaisha tukawa tunakuombea, na baadaye tukawa tunaomba kitu kingine.

Baada ya maziko mama alinivuta nyuma ya nyumba, akanipa gunia. Ndani mlikuwa na gari lako, rimoti na lile kopo la vikorokoro. Akasema, "Usiache ilale, Kirimi. Mwaka ukiisha tukija kufunua msalaba wa kaburi lake, ilete. Ipande wakiona."

Ni Jumamosi hii.

Nilianza mapema, sikusubiri. Gari lilikuwa limekaa stoo ya kwenu, mvua ikivuja. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, mota imeshika kutu, na rimoti ilikuwa ikiongea na gari siku moja na kulinunia siku tatu. Na ni gari la zamani, wewe mwenyewe ulilitoa kwenye lundo la mitumba soko la Gakoromone likiwa na magurudumu mawili, ukalitengenezea bodi kwa mtungi wa njano wa mafuta ya kupikia. Nikasema nitalifufua, na si kulifufua tu, nitaliimarisha. Niliagiza betri nyepesi ya kisasa kutoka Nairobi. Mota mpya, yenye nguvu maradufu ya ile. Rimoti mpya. Magurudumu ya mpira laini yanayong'ang'ania jiwe kama mjusi. Vijiti vya plastiki vinavyoshika ekseli nikavitoa, nikaweka vya chuma. Kazini wakaanza kuniuliza mbona vidole vyangu ni vyeusi. Siku moja mwenzangu wa meza ya pili akafungua droo yangu akitafuta stepla, akakuta tairi. Akapaza sauti, "Jamani, Kirimi anafungua gereji humu! Bosi akijua utabeba hii tairi shingoni." Wote wakacheka. Nami nilicheka, nikafunga droo.

Unaelewa kwa nini nilifanya hivyo? Niliogopa lisije likakwama. Kila nilipolala nililiona limekwama katikati ya jiwe, Ireri akiliangalia, mama akimwangalia Ireri. Basi kila kilichoonekana dhaifu nilikiondoa.

Ndani ya shafti, kile chuma kinachozungusha magurudumu, pale kinapoingia kwenye giaboksi, nilikuta umechomeka kipande cha mpini wa mswaki. Mswaki, Nyaga! Kile cha bluu. Nikatabasamu, nikakuhurumia, nikadhani ulikosa pini siku hiyo ukatumia kilichokuwa karibu. Nikakitoa. Nikakata msumari wa chuma, nikausugua vizuri kwa tupa, nikauweka mahali pake. Ulikaa sawasawa. Nilijivunia ule msumari.

Jumapili baada ya kanisa nikalipeleka mtoni Kathita, kwenye mawe yetu. Wale wanawake wanaofua pale wangalipo. Yule mnene aliniona akasema, "Ametoka peke yake leo! Mwenzako yuko wapi, yule mrefu?" Nikamwambia. Akaacha kufua. Akasema pole, pole sana mwanangu, kisha akasema, "Haya, endesha tuone. Alikuwa akituchekesha yule." Zamani walikuwa wakituzomea, unakumbuka, "Wanaume wazima! Oeni, acheni kuchunga mawe!" nawe ukiwajibu bila kuinua macho kwenye rimoti, "Nitaoa likifika juu, mama. Ombeeni gari."

Lilikwenda vizuri. Nakuambia lilikwenda vizuri kuliko wakati wowote ulipokuwa hai, Mungu anisamehe kusema hivyo. Lilipanda jiwe la kwanza, likapanda la pili. Kwenye la tatu gurudumu la mbele likabanwa katikati ya mawe mawili. Nikaongeza nguvu kidogo. Ule msumari haukuvunjika. Mota nayo haikuchoka. Kilichokubali kushindwa kilikuwa giaboksi. Nilisikia mlio mdogo, kama mfupa wa kuku.

Nilikaa pale majini na gari mapajani, ndipo nikafungua lile kopo lako kutafuta bisibisi. Chini kabisa mlikuwa na miswaki ya zamani, bluu, nyekundu, kijani, mingine umeshaikatakata vipande vya urefu mmoja. Miaka yote nilikutania kwamba hutupi miswaki. Sikuwahi kukuuliza ni ya nini. Kila gari lilipokwama ulifungua, ukachomoa kitu, ukachomeka kitu, ukaendelea, nami nikiwa nimeshika mwavuli na kukusimulia mambo ya ofisini. Uliacha kitu kimoja kivunjike upesi ili kingine kisivunjike kamwe. Mimi nilikiona kitu hicho dhaifu, nikakiondoa kwa sababu naogopa vitu dhaifu.

Giaboksi hiyo haitengenezwi tena. Nimewaandikia wauzaji wote ninaoweza kuwapata. Mmoja alijibu, "Bro, hiyo ni mzee. Zika, nunua mpya." Hakujua anamwambia nani neno hilo.

Sasa sikiliza jambo lenyewe ninalokuomba usilitoe.

Jioni ile ile mama alipiga simu. Alikuwa ametoka kwenye kikundi cha akina mama, nyuma yake nasikia sahani. "Kirimi, gari inapanda?"

Nikasema, "Inapanda, Mama."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi nitamwambia Ireri abebe miwani." Akacheka. Nyaga, tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akicheka. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema ameshawaambia kanisani, ameshamwambia mchungaji, kwamba baada ya maombi, kabla ya chakula, watu wote watashuka kwenye jiwe. Nikasema sawa, Mama. 

Sikufichi hata wazo baya zaidi. Nilitaka kununua gari jipya kabisa na kulivisha bodi yako ya mtungi. Nani angejua? Ireri hajui tofauti. Mama anaijua ile njano tu. Nilipima hata matundu ya skrubu, yanakaribiana. Nilikaa na bodi yako mkononi nikaona pale ulipoandika jina lako kwa kalamu ya wino, kwa ndani, mahali pasipoonekana. Nikairudisha chini. Kama gari jipya ndilo litakalopanda, basi Ireri atakuwa amesema kweli, na mama yako atakuwa shahidi wa uongo mbele ya kanisa zima bila yeye mwenyewe kujua.

Kwa hiyo nimefanya nilichoweza, nacho ni kidogo. Nimesafisha ufa kwa spiriti, nimetia ile gundi ya kuchanganya, nimekata kipande cha kopo la kakao nikakifunga juu yake kwa waya mwembamba, kama mguu wa kuku uliofungwa gango. Ile mota yenye nguvu nimeiondoa. Nimesafisha ya kwako kutu nikairudisha. Msumari nimeutoa, nimechomeka mswaki wa bluu. Gundi imekauka. Likiwa mezani, magurudumu yanazunguka. Lakini mezani si jiweni.

Na siwezi kulijaribu. Hilo ndilo linaloniua. Huenda ule ufa umebakiwa na mpando mmoja tu, huenda hauna hata huo. Nikilijaribu Kathita na lipande, nitakuwa nimeutumia mpando wa mama. Nisipolijaribu, nitaliweka mbele ya watu nikiwa sijui chochote. Kazini hatupeleki karatasi kwa bosi bila kuisoma mara mbili. Mimi huisoma mara nne. Hili sina namna ya kulisoma hata mara moja.

Laiti ungekuwepo ungenicheka kwanza, halafu ungelichukua mkononi, ungeliweka sikioni na kuzungusha gurudumu kwa kidole, ungeniambia litapanda au halitapanda. Mimi nimeliweka sikioni. Sikusikia kitu ila moyo wangu.

Buriani, ndugu yangu. Sikuimba siku ya kukuzika, na sikukuaga vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshika mikono ya mama yako asianguke. Nakuaga sasa. Nakuahidi jambo moja, maana mawili sitayaweza. Sitaliweka gari lile jiweni mama yako akiamini ni zima. Nitamwambia kabla ya maombi, kabla hawajafika wageni, kwamba nililivunja mimi, na kwamba nilimdanganya kwenye simu. Kisha yeye ataamua kama lijaribiwe au libaki guniani. Akisema lijaribiwe, nitampa rimoti aishike mwenyewe. Alikuona ukiendesha. Mkono wake hautakuwa na haraka kama wangu.

Ukitaka kunipata, fanya hivi. Ofisini usije, nimeomba ruhusa. Kinoru usije, chumba chako kina mwenyewe sasa naye hupokea wateja mpaka jioni. Simu nitaizima Ijumaa, maana mama akinipigia tena na kucheka, najua nitasema tena inapanda. Jumamosi nitashuka Kibugu asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani chai, kabla hawajasimamisha hema. Sitapita langoni. Nitapita kijia cha chini, ule upande wa msitu, nipande kupitia shambani. Mama atakuwa jikoni na sufuria zake. Nitasimama mlangoni nikiwa nimeshika gunia. Usinisubiri jiweni, huko kutakuwa na watu wengi na gari litafanya linaloweza. Nisubiri pale mlangoni, upande wa kushoto, karibu na kuni. Nami nitakaa kidogo kabla ya kubisha, ili unikute.

Kirimi